Kuchovya upya vipuri vya gari la zamani: ijue metali kwanza, kromu baadaye (UZI)

Mlezi wa Vyuma (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Kila anayefufua gari la zamani hufika kwenye sanduku la vipuri vilivyopauka: bampa lenye madoa ya kutu, vitasa vya milango vilivyoota vipele, mabano na boliti zilizogeuka kahawia. Swali la kwanza huwa ni nani anachovya vizuri, yaani anayekivisha kipuri tabaka la metali kwa umeme ndani ya beseni. Mimi naliweka mwisho. Kwanza jua kipuri ni metali gani, kiwandani kilivishwa nini, na kwenye gari kinabeba mzigo au ni pambo tu. Nimeona bampa zuri likipoteza mikunjo yake kwa sababu ya polishi ya pupa, na nimeona boliti ya mkono wa usukani ikitumbukizwa beseni moja na skrubu za bodi kana kwamba ni ndugu. Hilo la pili linaweza kuua mtu, ndiyo maana nimeandika kwa urefu.

Nianze na kromu, maana ndiyo inayopendwa na ndiyo isiyoeleweka. Kromu ya bampa ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani: nusu mikroni au pungufu, na mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Mng'ao unaouona kwa sehemu kubwa ni wa nikeli iliyolala chini yake, ambayo kwa kazi ya nje ya gari inatakiwa ifike mikroni 20 hadi 40. Chini ya nikeli mara nyingi kuna shaba nyekundu. Hiyo ndiyo inayojaza mikwaruzo midogo na kukubali kulainishwa. Kromu inakuja juu kabisa kuipa nikeli uso mgumu na kuizuia isififie ikawa ya umanjano. Kwa hiyo bampa likianza kutoa kutu, usiilaumu kromu. Unyevu umepita kwenye vitundu vya nikeli nyembamba mpaka ukakifikia chuma.

Hapo ndipo unapomjua mchovyaji. Muulize anaweka nikeli kiasi gani, na kama anaweka nikeli mbili. Wanaojua kazi huanza na nikeli ya nusu mng'ao isiyo na salfa, kisha nikeli ya mng'ao yenye salfa kidogo. Ya juu huliwa kwanza, na huliwa kwa kwenda pembeni badala ya kuchimba chini, kwa hiyo ya chini inabaki kinga. Anayekujibu "tunaweka kromu nene" bila kutaja nikeli, ama haijui kazi ama hataki uijue.

Jambo la pili ni kwamba kuchovya hakufichi kitu. Tabaka la metali linafuata uso kama ulivyo. Mkwaruzo wa msasa namba 120 ulioachwa kwenye chuma utauona ukimetameta juu ya kromu. Kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya beseni: kunyoosha mibonyeo, kuchomelea palipotoboka, kupanda msasa hatua kwa hatua, 120, 180, 240, 320, 400 na kuendelea, kila hatua ukigeuza mwelekeo ili mistari ya hatua iliyotangulia ionekane na iondoke, kisha gurudumu la katani na la pamba. Puti, ile ya kujazia mibonyeo ya bodi, usiiguse. Haipitishi umeme, na pasipopita umeme metali haishiki. Shimo kwenye chuma linajazwa kwa kuchomelea, kwa lehemu, au kwa shaba ya kwenye beseni.

Kabla ya kupeleka: piga picha kila kipuri pande zote, funga lebo ya bati iliyogongwa namba (karatasi haifiki mbali kwenye asidi), ng'oa kioo, mpira, springi na kila kitu kisicho cha metali ile. Vitu vidogo hupotea kwenye mabeseni kuliko unavyofikiri, na mabishano ya "hukuleta hicho" huishia kwenye picha.

Kwa wenye magari ya kale kabisa: kromu ya mapambo iliingia kwenye magari katikati ya miaka ya 1920. Gari la 1918 lenye kromu ni kosa la kihistoria hata kama linapendeza. Lilikuwa na shaba ya njano iliyopigwa polishi au nikeli. Na nikeli nzuri ya enzi hizo haina siri. Mchanganyiko ambao mkemia Mmarekani Oliver Watts aliuchapisha mwaka 1916, wa salfeti ya nikeli, kloridi ya nikeli na asidi ya boriki, ndio msingi wa mabeseni mengi ya nikeli mpaka leo. Nikeli ina joto fulani la rangi ambalo kromu, yenye ubuluu, haina.

Karibuni kwa maswali.

Spana Kumi

Mkuu Mlezi, nondo nzito. Mimi nina ndoo ya boliti, nati, washa na mabano kutoka kwenye gari la mwanzoni mwa miaka ya 1960. Palipobaki rangi ya asili ni dhahabu dhahabu yenye rangi za upinde kidogo. Nataka zote zirudi hivyo. Zinki ya manjano inafaa zote?

Mlezi wa Vyuma

Hapana, mkuu, na swali lako ndilo hasa nililokuwa nasubiri.

Kwanza rangi. Hiyo dhahabu ni ngozi ya kromati, kemikali yenye kromiumu, iliyotiwa juu ya zinki, au juu ya kadimi, metali nyingine iliyotumika sana enzi hizo. Kadimi ina mng'ao mtulivu zaidi, zinki inang'aa. Kadimi ni sumu. Boliti ya zamani usiyoijua ichukulie kuwa ina kadimi: usiipige msasa mkavu, usiiguse kwa grainda ya brashi, na usiichome moto kabisa, maana moshi wake unaharibu mapafu. Isuguliwe ikiwa imelowa, kwa glavu, na taka zake zikusanywe. Ukirudisha kwa zinki yenye kromati ya manjano, jicho la kawaida halitaona tofauti.

Pili, zitenge boliti kwa nguvu. Kichwani utaona namba. Namba ya kwanza ukizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kuvutwa kwa megapaskali: 8.8 ni 800, 10.9 ni 1000, 12.9 ni 1200. Boliti za inchi za Kimarekani zina mistari: mitatu ni daraja la 5, sita ni daraja la 8. Chuma kikiwa kigumu kiasi hicho, haidrojeni inayozaliwa kwenye asidi na kwenye beseni la umeme hupenya ndani yake. Boliti inatoka nzuri, unaifunga, unaikaza kwa kipimo, unaondoka. Saa kadhaa au siku kadhaa baadaye inakatika yenyewe, bila kupinda, bila dalili.

Kwa hiyo: 8.8 na laini kuliko hiyo, chovya bila wasiwasi mkubwa. 10.9 na daraja la 8, mpe mchovyaji anayeoka. Kuoka maana yake ni tanuri la nyuzi 190 hadi 220 za Selsiasi kwa saa kadhaa, na boliti ziingie mapema, ndani ya saa 4 tangu zitoke kwenye beseni, kabla ya kromati. 12.9, boliti za koni rodi, za usukani, za breki, za mkanda wa usalama, springi za aina zote: hizo usizichovye kwa umeme kabisa. Hata kuziloweka kwenye asidi ili kutoa kutu ni hatari ile ile. Nunua mpya za daraja sahihi, au zipewe fosfeti (ngozi ya kemikali isiyowekwa kwa umeme) na mafuta. Na kwa kweli boliti nyingi za injini zilitoka kiwandani na fosfeti nyeusi, kwa hiyo hapo usalama na uasili vinakubaliana.

Tatu, nyuzi. Watu wanasahau kwamba zinki inajipanga kwenye pande zote mbili za jino na jino limelala. Kwenye nyuzi zenye pembe ya digrii 60, kipenyo cha katikati ya jino kinaongezeka mara nne ya unene wa tabaka. Zinki ya mikroni 8 inakupa mikroni 32. Kwenye boliti kubwa hutaona. Kwenye skrubu ndogo za kabureta nati itagoma katikati, na ukiilazimisha unavua zinki yote.

Spana Kumi

Hapo kwenye springi umeniokoa. Nilikuwa nimeziweka kwenye ndoo ile ile pamoja na za bodi.

Bampa Langu

Wakuu, mimi tatizo langu ni vitasa vya milango na nembo ya boneti. Bampa lilichovywa likatoka safi. Vitasa mchovyaji amevirudisha, anasema haviwezekani, vina "ugonjwa". Vimejaa vipele kama punje, ukiminya kimoja kinapasuka na ndani kuna unga mweupe. Ni kweli haviwezekani?

Mlezi wa Vyuma

Inawezekana, ila ni kazi ngumu kuliko zote katika fani hii, na wachovyaji wengi wanaikataa kwa haki kabisa.

Hivyo si chuma. Ni aloi ya zinki iliyosukumwa ikiwa kimiminika ndani ya kalibu. Sumaku haishiki, na ukikwangua mahali palipojificha unaona kijivu chepesi. Viwanda viliipenda kwa sababu kalibu moja ilitoa kitasa chenye kila mkunjo na herufi bila kuchongwa. Shida yake ni kwamba zinki huliwa haraka unyevu ukipata tundu kwenye nikeli, na kutu yake nyeupe ina ujazo mkubwa kuliko zinki iliyoliwa. Haina pa kwenda, inainua kromu juu. Kipele unachokiona ni mdomo tu. Chini yake kuna shimo.

Njia sahihi ni hii. Kromu, nikeli na shaba ya zamani zinaondolewa zote. Hapa pana mtego: kostiki soda na asidi ya hidrokloriki, ambazo kwenye chuma hutumika kuondoa kromu, zinaila zinki yenyewe. Mtu akitumbukiza kitasa chako kwenye beseni la bampa na kukisahau, utapata mifupa. Baada ya hapo kila shimo linachimbwa kwa kidrili kidogo mpaka metali safi, bila kubakiza unga. Ukiacha punje moja, kipele kitarudi pale pale. Kisha inakuja shaba ya awali kutoka beseni la alkali, tabaka jembamba la kuifunika zinki, kwa kuwa beseni la shaba lenye asidi lingeishambulia. Ikishafunikwa, ndipo inaingia kwenye shaba ya asidi inayojenga unene. Mashimo yaliyobaki yanajazwa lehemu laini, ambayo inashika vizuri kwenye shaba. Inapigwa tupa, inapigwa msasa, inarudi kwenye shaba. Tena. Na tena, mpaka uso uwe mmoja. Baada ya hapo nikeli, halafu kromu.

Angalia moto. Aloi hii inayeyuka karibu nyuzi 385. Lehemu ya bati na risasi inayeyuka kuanzia 183, kwa hiyo nafasi ipo, lakini tochi ya gesi mkononi mwa mtu mwenye haraka inaimaliza.

Kuna aina moja isiyotibika. Aloi za zinki za zamani zilizokuwa na uchafu wa risasi au bati huoza kutoka ndani, kwenye mipaka ya chembe zake. Kipuri kinavimba, kinapinda, kinachanika nyufa kama tope lililokauka. Kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ilileta aloi ya Zamak mwaka 1929, iliyotegemea zinki safi sana, kwa sababu ya tatizo hilo hilo, ila aloi mbovu haikutoweka siku ile. Kitasa chako kikiwa na nyufa za aina hiyo, usikitupe. Kitumie kama kielelezo, kikamiminwe kwa shaba ya njano, ambayo inachovyeka vizuri sana. Mwambie fundi wa kalibu kwamba shaba hupungua ikipoa, ili kielelezo kiongezwe unene kidogo kwanza.

Kwenye nembo, chunga herufi. Piga picha ya karibu kabla, na umwombe anayelainisha atumie vijiti vya msasa kwa mkono kuzunguka herufi. Gurudumu likipita juu yake, kingo zinageuka mviringo, na kitu hicho hakirudi.

Mzee wa Asili

Naomba nipinge kidogo kabla watu hawajakimbilia mabeseni. Kromu ya kiwandani ikishang'olewa haipo tena. Kwenye magari mengi ninayoona, bampa lina vidoa tu juu na nikeli iko nzima. Karatasi ya alumini ya jikoni ikunje, ilowanishe maji, sugua polepole. Alumini ni laini kuliko kromu, haikwaruzi, na kutu inatoka. Suuza, kausha, paka nta. Hati ya Torino ya FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, ya mwaka 2012, inasema wazi kuhifadhi kunatangulia kurejesha. Gari linaweza kurejeshwa mara nyingi, lakini asili yake linayo mara moja.

Mlezi wa Vyuma

Nakubaliana nawe zaidi ya nusu, mzee wangu. Kipimo changu: nikeli ikiwa nzima, hifadhi. Ikianza kumenyuka, ukucha ukiingia chini ya ukingo wake, hakuna cha kuhifadhi hapo. Maji yako ndani na yanaendelea kula bampa. Na vipuri visivyoonekana, mabano ya chini na migongo ya bampa, vichovywe au vipakwe rangi bila huruma. Mgongo wa bampa hupata nikeli kidogo sana kwa sababu umeme haufiki vizuri, na kutu nyingi huanzia huko na kutokeza mbele.

Taa Mbili

Mimi nimeng'oa taa za mbele. Vioo vya ndani, yale mabakuli ya kuakisi mwanga, yamekuwa meusi. Mchovyaji wa bampa amesema atayatia kromu pamoja na pete za nje, yatang'aa kuliko yalivyokuwa. Nimpe?

Mlezi wa Vyuma

Pete mpe. Mabakuli usimpe!

Kromu inalidanganya jicho. Inarudisha kama asilimia 65 tu ya mwanga unaoipiga. Fedha inarudisha zaidi ya 90, na alumini iliyofukizwa kwenye ombwe (chumba kilichonyonywa hewa) inakaribia hapo. Mabakuli ya zamani mengi ni ya shaba ya njano yaliyochovywa fedha. Ukiyatia kromu, utaendesha usiku ukidhani balbu zimechoka. Yatafutie fedha, au uyapeleke kwa wenye chumba cha kufukiza alumini. Yakirudi usiyafute kwa kitambaa kikavu wala kuyagusa kwa kidole, na hakikisha mpira wa taa ni mpya, kwa sababu fedha inageuka nyeusi ikipata hewa yenye salfa.

Spana Kumi

Nyongeza: nataka mabano na boliti laini za bodi nizichovye zinki mwenyewe nyumbani. Nina chaja, nina ndoo. Nimeona watu wanafanya kwa kubahatisha. Kuna hesabu?

Kemia Mtaani

Ipo, na ni ya mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday, tangu miaka ya 1830. Kiasi cha metali kinachotua kinalingana na umeme uliopita. Kwa zinki, ampea 1 kwa saa 1 inatua gramu 1.22. Ukiitandaza kwenye desimita moja ya mraba, yaani eneo la sentimita 10 kwa 10, unapata kama mikroni 17. Kwa nikeli ni gramu 1.095 na kama mikroni 12.

Sasa pima eneo la kipuri, pande zote, usidanganye mgongo. Bano la desimita 2 za mraba, ukilipatia ampea 2 kwa kila desimita, linataka ampea 4. Kwa dakika 20 unapata mikroni 11 kwenye karatasi, pungufu kidogo kwenye ndoo. Inatosha kabisa. Kwa hiyo usiangalie volti, angalia ampea. Chaja ya betri isiyo na namna ya kupunguza mkondo haifai, inaunguza: kingo zinakuwa nyeusi na zenye chenga, katikati pamebaki patupu.

Beseni liwe la plastiki. Ndani yake salfeti ya zinki au kloridi ya zinki kwenye maji yaliyochujwa madini. Waya wa chanya kwenye bamba la zinki safi, wa hasi kwenye kipuri. Weka mabamba pande zote mbili, la sivyo utachovya uso mmoja. Koroga taratibu. Kingo hula umeme mwingi na mabonde hula kidogo, hiyo ni tabia ya kila beseni. Kingo zikikusumbua, zungushia waya wa ziada uliounganishwa na hasi uibe sehemu ya mkondo.

Ila yote hayo ni bure kipuri kikiwa na mafuta. Kioshe kwa sabuni kali ya alkali, suuza, kiinue. Maji yakitandaa kama karatasi moja juu ya uso wote, kiko tayari. Yakikatika na kujikusanya matone, rudi ukaoshe. Baada ya hapo usikiguse kwa mkono mtupu. Kichovye kwenye asidi dhaifu muda mfupi, suuza, na moja kwa moja kwenye beseni kikiwa bado kimelowa.

Na usiishie kwenye zinki tupu. Bila kromati inaota unga mweupe mara inapokutana na unyevu. Tumia kromati ya aina ya kromiumu-tatu, isiyo hatari kama ya kromiumu-sita; inapatikana ya bluu na ya manjano.

Sasa sikilizeni vizuri upande wa hatari. Kutoa kutu kwa umeme, kwa magadi na bamba la chuma, ni njia nzuri kwa chuma laini. Lakini bamba la chanya lisiwe la chuma kisichoshika kutu. Kina kromiumu ndani yake, na kwenye chanya inaweza kuyeyuka ikawa kromiumu-sita, ambayo husababisha saratani. Maji yakigeuka manjano, tayari unayo. Beseni lolote linalotoa mapovu linatoa haidrojeni na oksijeni: fanyia nje, zima umeme kabla ya kugusa waya, usiruhusu cheche. Asidi ndiyo inayomwagwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Na asidi ya hidrokloriki iliyoachwa wazi itatia kutu kila spana iliyo kwenye chumba hicho.

Bampa Langu

Na kromu yenyewe nyumbani?

Kemia Mtaani

Hapana. Beseni la kromu la kawaida ni kromiumu-sita, na mapovu yake hurusha ukungu unaoingia mapafuni. Umoja wa Ulaya umeifungia tangu Septemba 2017, haitumiki bila kibali maalumu, na California iliamua mwaka 2023 kuiondoa hatua kwa hatua kwenye kazi za mapambo. Hata kiufundi ni beseni gumu: sehemu kubwa ya umeme, zaidi ya asilimia 80, inaishia kwenye mapovu badala ya metali, na mabonde hayafikiki. Ndiyo maana kwenye mikunjo ya bampa lililofanywa vibaya unaona umanjano. Hapo ni nikeli tupu. Wachovyaji wengi wanahamia kromiumu-tatu. Ni salama zaidi, ila rangi yake inaweza kuwa na giza kidogo. Kwa hiyo usipeleke bampa la mbele mahali pamoja na la nyuma mahali pengine. Vyote vya nje, beseni moja.

Spana Kumi

Shukrani mkuu. La mwisho kwangu: shafti ya shokomzoba na kingpini (pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia) zimelika. Naweza kuziongezea unene kwa kuchovya?

Mlezi wa Vyuma

Shafti ya shokomzoba ndiyo, lakini hiyo ni kromu nyingine kabisa. Inaitwa kromu ngumu, inakaa moja kwa moja juu ya chuma, unene wake ni wa makumi ya mikroni mpaka mamia, na ugumu wake ni karibu 800 hadi 1000 kwa kipimo cha Vickers. Utaratibu ni kusaga shafti kwanza iwe duara na safi, kuchovya kupita kipimo, kisha kusaga mpaka kipimo chenyewe. Asiye na mashine ya kusaga asikuchovyee. Tabaka linalotoka kwenye beseni halina kipimo na litakata sili siku ya kwanza.

Kama kipuri kina pembe na matundu yanayohitaji unene sawa kila mahali, kuna nikeli isiyotumia umeme. Inatua kwa kemia peke yake kwenye beseni la karibu nyuzi 90, kwa hiyo haijali kingo wala mabonde. Inafaa sana kwa mabomba ya maji, vifuniko na viungo vya kabureta.

Kingpini hapana. Kromu ngumu ina nyufa ndogo sana za asili, na chuma kinachopigwa na kupindwa kila siku huanzia kuchoka kwenye nyufa kama hizo. Kingpini, mikono ya usukani na ekseli zikilika, zinabadilishwa au zinachongwa mpya.

Taa Mbili

Nami niulize dogo. Mapambo ya madirisha, yale mabapa membamba, yamepoteza mng'ao. Mchovyaji yuko tayari kuyatia kromu.

Mlezi wa Vyuma

Angalia kwanza kama yana kutu. Mabapa ya madirisha ya miaka ya 1950 na 1960 mara nyingi ni chuma kisichoshika kutu, hayakuwahi kuchovywa. Hayo unayanyoosha kwa nyundo ndogo kutoka nyuma, msasa wa maji 400 mpaka 1000, polishi, basi. Sumaku isikudanganye: aina nyingi za chuma hicho zinashika sumaku. Ukikuta mepesi na laini ni alumini. Hayo yana ngozi ya oksidi iliyotiwa kwa umeme, na lazima itolewe kwanza ndipo polishi iingie. Tuma picha ya mgongo wa bapa moja hapa, pale ambapo klipu hukaa, nikuambie ni lipi.